Mimba ya Mjukuu Wangu

Nilijua mjukuu wangu ana mimba kabla mtu yeyote hajaniambia. Simaanishi tumboni mwake, mimi si mwehu. Namaanisha mimba ya mwanamke aliyeko mahali, ambayo kutapika kwake kumemwangukia yeye. Jambo hili kwetu Kilwa halihitaji daktari. Mke anabeba, mume anatapika, na mke anakwenda zake shamba kupiga jembe kama hakuna kitu. Babu yake alinitapikia mimba zangu zote. Mimi niko uani nabangua korosho, yeye kalala mkekani anaomba embe bichi na chumvi. Watu wakija kunipa pole, nawaelekeza kwake.

Kwa hiyo kijana alipoanza kutapika asubuhi, nilicheka peke yangu jikoni. Damu ya babu yake hiyo.

Mjukuu huyu nimemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki. Ni mwanamume mzima, mabega kama mlango. Aliishi Dar es Salaam miaka kadhaa, akarudi na viatu vyeupe na ufundi wa kuchoma pweza kwa ukwaju, akafungua kibanda pale Masoko. Nisiseme uongo, kutoka Kilwa mpaka Lindi hakuna pweza laini kama wake, na anayebisha aje tuonje. Ghafla mchoma pweza akawa hawezi kunusa pweza. Akiweka tu kwenye makaa, anakimbilia nyuma ya kibanda. Wateja wakaanza kutazamana. Nani atakula kitu ambacho mpishi mwenyewe kinamtapisha?

Nikamwuliza, "Mume wangu, una nini?" Sisi bibi na mjukuu tunaitana hivyo, mume na mke, ndio utani wetu.

"Tumbo tu, mke wangu. Litapita."

"Najua litapita. Yakiisha miezi tisa."

Akanitazama kama mtu anayesemeshwa Kichina, akaenda zake kutapika.

Kilichonithibitishia ni maji ya moto. Kwetu mwanamke akijifungua anakandwa na maji yaliyochemka, asubuhi na jioni, mpaka arobaini yake iishe. Mwanamume hana habari na maji hayo. Yeye anajimwagia ya baridi, anatoka anatetemeka na kujisifu. Sasa huyu wangu akawa anaoga ya moto. Kabla ya chai, baada ya chai, adhuhuri haijaadhiniwa yumo tena. Anaingia bafuni na ndoo inayofuka moshi, anatoka ngozi imeiva kama kamba wa kuchemsha, kisha anakaa ametulia kidogo, hata tabasamu anatoa. Maji yakipoa mwilini, kichefuchefu kinarudi, na yeye anarudi jikoni kuchochea. Kuni nilizopanga za mwezi mzima wa Ramadhani alizimaliza Ramadhani yenyewe iko mbali.

Jirani yangu akachungulia juu ya ua.

"Shoga, nani kajifungua humo kwako?"

"Hakuna."

"Mbona moshi tangu alfajiri, na maji ya moto hayakatiki?"

"Kuna mgonjwa."

"Wa kike?"

"Wa kiume."

Akafikiri. Naye ni mtu wa hapa hapa. "Basi kapata mtoto mahali," akasema, na kabla ya magharibi nusu ya mtaa walikuwa wameshanipa hongera. Sikuwakatalia. Mtu akikupa hongera unaitikia.

Pa kuanzia kumtafuta mama wa mtoto nilikuwa napajua. Kule Miteja kuna binti tuliyekwisha kumpelekea posa, na ikapokelewa. Harusi tuliipanga baada ya mavuno ya korosho. Nikapiga hesabu zangu za kizee: kijana ameshindwa kusubiri mavuno. Tumbo likitokeza kabla ya ndoa, watu wa Miteja watatuvunjia posa, na mjukuu wangu alimpenda yule binti mpaka akaacha kuvaa kofia kinyumenyume. Nikafunga unga wa uji wa mtama, ndimu za kuzuia kichefuchefu na doti ya kanga, nikapanda gari. Yeye sikumwambia. Mambo ya wanawake hayo.

Nilipokewa na bibi wa binti, Mmatumbi mwenye ulimi kama wembe mpya. Tulipomaliza kuulizana hali za watu, mbuzi na mihogo, nikasogea karibu.

"Bibi mwenzangu, mambo ya vijana yamewahi kidogo. Tusitafutiane lawama. Harusi tuiwahishe."

"Kimewahi nini?"

"Kijana wangu anatapika."

Sikuhitaji kuongeza neno. Akazitazama ndimu zangu, akautazama unga, akageuza shingo taratibu kuelekea jikoni, ambako mjukuu wake alikuwa anatwanga kisamvu. Nadhani angemwita hapo hapo, lakini adhana ikalia. Wanawake wote wa nyumba ile wakanyanyuka, wakatia udhu, wakatandika misala. Binti hakunyanyuka. Aliendelea na mchi wake, polepole, kwa adabu, na hakuna aliyemwuliza kwa nini haswali. Mwanamke asiyeswali siku hiyo sababu yake inajulikana, na sababu hiyo na mimba havikai nyumba moja.

Niliswali, Mungu anisamehe, bila kujua ninasoma nini. Nilipotoa salamu na kugeuka, bibi yake alikuwa ananisubiri.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi chukua ndimu zako, ukamtafute huyo aliyempa mimba kijana wako."

Binti akanisindikiza mpaka barabarani. Hakunitukana, na ningependa angenitukana.

"Bibi, kama ana mwingine, aje aniambie mwenyewe. Asitume wazee."

"Hana mwingine, mwanangu."

"Basi anaumwa. Mmempeleka hospitali?"

Nikaangalia kama gari linakuja.

Nyumbani nilimkuta bafuni, amekaa sakafuni, ndoo imepinduka. Midomo imekauka kama gome la mnazi, macho yameingia ndani, misuli ya miguu imekaza imejifunga mafundo. "Nipo tu, mke wangu," akasema. "Nasubiri maji yachemke." Moto ulikuwa umezimika zamani. Nilipomshika mkono, ule mkono unaogeuza pweza juu ya makaa bila kibanio, ulikuwa baridi na mwepesi. Hapo ndipo utani uliponitoka. Nikamwita jirani, mume wake akaja na pikipiki, tukampakia kijana mshikaki, mwenye pikipiki mbele, jirani nyuma amemkumbatia asianguke, mimi nikafuata kwa bodaboda. Mtaa ulioniletea hongera ukasimama milangoni kuona mzazi wetu anakimbizwa hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa wajukuu zangu. Akamtundikia dripu, akaanza kumwuliza maswali, na mimi nikawa namjibia, maana yeye sauti ilikuwa inatoka kwa shida.

"Anatapika tangu lini?"

"Tangu miembe ilipoanza kutoa maua."

"Amewahi kupata nafuu?"

"Akioga maji ya moto."

Daktari akasimama kuandika. "Ya moto sana?"

"Ya kukandia mzazi."

Akanipita, akainama kwa mgonjwa. "Kaka, unavuta bangi?"

Nikamwambia mjukuu wangu hafanyi mambo hayo, Ijumaa yuko msikitini safu ya mbele, na mimi ndani ya nyumba yangu moshi wa bangi ningeunusa. Hilo la mwisho lilikuwa maneno tu. Pua yangu iliuawa na ugoro miaka mingi, hata wali ukiungua huwa naambiwa na watu. Mjukuu wangu akatazama dari.

"Navuta," akasema. "Tangu Dar. Lakini siku hizi navuta kama dawa, Daktari. Nikivuta kidogo tumbo linatulia."

"Linatulia kidogo, halafu?"

"Halafu linarudi."

"Hiyo dawa yako ndiyo ugonjwa wako. Unazima moto kwa mafuta ya taa."

Akatueleza taratibu. Wako watu wanaovuta sana kwa miaka, tumbo likageuka dhidi yao. Wanatapika hata maji, na kitu pekee wanachoona kinawasaidia ni maji ya moto. Wengi wao hawaamini kuwa ni bangi, kwa sababu waliisikia inazuia kichefuchefu, kwa hiyo wanaongeza. Mwili unakauka, chumvi inapungua, figo zinaweza kufa, moyo ukapoteza mdundo. Dawa yake ni kuacha. Si kupunguza, kuacha. Akirudia, nako kutapika kutarudia.

"Kwa hiyo hakuna mtoto?" nikauliza.

"Mtoto gani, Bibi?"

"Basi tu."

Kesho yake rafiki yake akaja kumwona, mfanyabiashara wa mambo yasiyotajwa, miwani ya jua ndani ya wodi. Aliniamkia vizuri, shikamoo, nikamwitikia marahaba. Kisha akampenyezea mwenzake kipakiti kinachong'aa, kina picha ya simba mwenye macho mekundu.

"Achana na bangi, mwanangu, ya kishamba," akamnong'oneza. "Hii imetengenezwa maabara. Ya kistaarabu. Hata wakikupima haionekani."

Mimi pua ndiyo imekufa, masikio yapo. Nikanyoosha mkono nikakichukua.

"Kuna nini humu, baba?"

"Majani tu, Bibi."

"Majani ya mti gani?"

"Majani... majani. Yamepuliziwa dawa."

"Dawa ya nini?"

"Sijui, Bibi. Inakuja hivyo hivyo."

"Mimi mchicha siununui mpaka nijue umemwagiliwa maji ya mtaro gani. Na hili la kutoonekana, hata sumu ya panya ukiipikia kwenye wali haionekani. Haya, choma kimoja, vuta tukuone. Muuguzi yule pale, hatutapata tabu."

Akavua miwani. "Aa, Bibi, mimi hii siitumii. Nauza tu."

"Kwa nini huitumii?"

Hata mzee wa kitanda cha jirani, aliyekuwa anakoroma, alikuwa ameinua kichwa. Kijana akasema chini chini kwamba kule Dar mwenzake alivuta hiyo, pumzi mbili tatu, akaanguka na degedege mbele yao, povu mdomoni. Hajafa, lakini mpaka leo anaongea na ukuta na hamjui mama yake.

Mjukuu wangu alikuwa anamtazama. "Na mimi ukaniletea," akasema.

Yule kijana akavaa miwani yake akaondoka, kipakiti akaniachia mimi. Nilimkabidhi daktari, akakishika kwa ncha za vidole kama mkia wa panya.

Kuacha hakukuwa kazi ndogo. Halali, anatoka jasho, ananikaripia kwa sababu ya kijiko. Maji ya moto bado aliyataka kwa muda, nami sikumnyima, ila kuni alikata mwenyewe. Alipopata nguvu akaniambia twende Miteja. Nikamwambia tuwaambie ilikuwa homa ya matumbo, ugonjwa wa heshima. Akakataa. Akakaa mkekani mbele ya wazee wa binti, akasema yote, na mimi nikanyamaza, jambo ambalo walionijua waliliona kuwa geni kuliko bangi.

Bibi wa binti akasema, "Kumbe si mimba, ni moshi."

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Akamwambia, "Posa sijairudisha. Tunasubiri mavuno kama tulivyopanga. Sitakuchunguza mfukoni wala sitakunusa nguo. Ukivuta utatapika, na kutapika kwako kunasikika mpaka Miteja."

Nikamwambia mume wangu tukiwa njiani kwamba huyo asipomwoa yeye, namwoa mimi.

Korosho zikavunwa, ndoa ikafungwa, bibi harusi nikampokea kwangu. Pweza akarudi kwenye makaa na wateja kwenye mabenchi. Sasa juzi alfajiri nimetoka kuchota maji, nikasikia mtu anatapika bafuni. Nikasimama uani na sufuria yangu, nasikiliza ni koo la nani. Kimya. Halafu tena. Nilikuwa nimeshaanza kumwomba Mungu pale mlango ulipofunguka, akatoka bibi harusi, kajishika ukuta, macho yamejaa machozi.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

Nikamwitikia marahaba, nikaenda kuchungulia chumbani. Mjukuu wangu alikuwa amekaa kitandani anakula kiporo cha pweza, mzima kabisa, hana habari. Babu yake asingekubali aibu kama ile. Mimi nikarudi jikoni kumtafutia mkewe ndimu.