Maganda ya Vitunguu na Sanduku la Mama Inès

Enzi zetu kule Mutanga Sud, mtaa wa mji wetu kando ya Ziwa Tanganyika, Jumamosi ilikuwa siku ya kutokwa na jasho. Mama zetu Waukraine, walioolewa na baba zetu waliokwenda kusoma kwao, walikuwa na chama. Walikuwa tisa tu, lakini wakianza kuimba, nawaambieni, viboko walitoka ziwani kuja kusikiliza. Sisi watoto tulivalishwa mashati mazito yaliyodariziwa, tukafundishwa nyimbo za theluji katika joto la kuivisha yai mfukoni. Ukilalamika, mama alisema, "Vaa, nyamaza, imba."

Kuimba kulikuwa nusu tu ya chama. Mmoja akijifungua au akiugua, wengine walihamia kwake na sufuria ya supu ya beterave, kile kiazi chekundu, wasitoke hadi wafukuzwe.

Mwaka aliofariki baba wa rafiki yangu Inès, mama yake, mmoja wa wale tisa, alifunga sanduku arudi kwao. Hakuona tena kilichomshika hapa. "Pasaka ikipita, tunaondoka," alisema. Nililia machozi ya kujaza Tanganyika mara ya pili.

Mama yangu hakumbembeleza. Alinituma mimi na Inès sokoni Buyenzi kuomba maganda ya vitunguu, maana ndiyo yaliyotia mayai ya Pasaka rangi ya udongo mwekundu. Muuzaji, Mama Zuhura, alishika kiuno.

"We mutoto, kwenu munakula maganda?"

"Apana, mama, ni ya mayai."

"Ehe! Na mayai nayo yanakula?"

Soko zima lilicheka. Hata hivyo alitujazia gunia, akaongeza na vitunguu vizima, akiamini tuna njaa tunaficha.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, asubuhi, chama kizima kilivamia nyumba ya Mama Inès na sufuria zao. Mayai yalipokolea rangi, mama akauliza, "Na kitambaa cha kufunika kikapu cha kupeleka mayai kanisani?" Kizuri kilikuwa kimoja tu, cha Mama Inès, alichodarizi bibi yake. Nacho kilikuwa ndani ya sanduku, chini kabisa.

Basi likafunguliwa. Yakatoka magauni, viatu, picha ya harusi. Kila kilichotoka kilipokelewa na mama mmoja, akakirudisha kabatini huku anaimba, kama vile hajui anachofanya. Kitambaa kilipopatikana, sanduku lilikuwa tupu. Mama Inès akalitazama, akacheka huku analia. "Nyinyi ni wezi!"

"Ndiyo," mama akajibu. "Kula yai."

Hakuondoka.

Siku hizi chama ni kundi la simu, na watu ni wengi kuliko wakati ule. Ukiandika kwamba una huzuni, mioyo ya rangi zote inamiminika kabla hujaweka simu chini. Mlango wako haugongwi. Watoto wetu wanatia mayai rangi ya pakiti, na shati wanalivaa dakika moja, ya picha. Siwalaumu sana, hata mimi natuma mioyo. Ila Pasaka ikikaribia nakwenda kwa Mama Inès, mwenye mvi sasa, naye anavuta lile sanduku kutoka chini ya kitanda. Limejaa maganda ya vitunguu, hata halifungiki.