Wimbo wa Kumi na Moja

Mke wangu kazini, kwenye sarakasi, wanamwita Popo, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa mshahara wake umetokana na kuning'inia kichwa chini. Anapanda kitambaa kirefu kilichofungwa darini, anajiviringisha, kisha anajiachia na kuporomoka mizunguko mitatu, watazamaji roho zikiwa juu. Kiunoni ana mkanda, mkanda una kamba, na kamba inapita kwenye gurudumu la roda huko juu na kushuka mpaka mikononi mwangu. Kazi yangu ni moja tu: ngoma ikilia mwisho wa mporomoko, nakaza. Hakuna anayenipigia makofi, na sijaomba.

Mwaka jana nilichelewa kukaza. Kidogo tu, lakini bega lake liliteguka. Alikaa nyumbani miezi minane na hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Aliporudi, bosi hakuuma maneno. "Popo, Jumamosi nataka mchezo mpya. Ukishindwa, kitambaa nawapa wale mabinti wawili wanaojifunza, wewe utakaa dirisha la tiketi." Akasema sawa.

Mtindo aliupata siku hiyohiyo. Hakutaka tena nguo za kumetameta. "Nitakuwa mama anayeanua nguo, upepo umemkuta," aliniambia.

"Watu walipe kiingilio waje kuona mtu anaanua nguo?"

"Hao watu nao wana nguo kambani. Wataelewa."

Shida ikawa wimbo. Popo ana namna yake ya kuchagua: anauweka huku anapiga pasi. Ukiisha na mkono wake haujauhisi uzito wa pasi, umefaulu. Wiki hiyo nyumbani kwetu hata matambara ya kufutia vyombo yalinyooshwa. Basi nyimbo zikafaulu kwenye pasi, zikafeli hewani. Wa tarumbeta, wa gitaa, wa filimbi, kila mara Popo anasimama hewani kwanza, ndipo ngoma inalia, kama mgeni aliyefika vyombo vimeshaoshwa. "Haukai," anasema. "Leta mwingine." Jumatano tulikuwa kwenye wimbo wa kumi.

"Jamani," fundi wa sauti akasema, "nyimbo kumi zote ziwe na kosa moja?" Akaniangalia mikono. Nikageuka, nikaanza kukagua fundo ambalo halikuwa na neno.

Alhamisi asubuhi nilimkuta anapiga pasi soksi zangu. Mtu akifikia kupiga pasi soksi, yamemfika. Nikavuta kiti nikakaa.

"Si nyimbo," nikamwambia. "Ni mimi. Tangu siku ile nakaza mapema. Naiambia mikono ingoje ngoma, haisikii. Naogopa."

Aliendelea na soksi. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu wimbo wa kwanza. Mkanda uko kiunoni kwangu, bwana wewe, nisijue?"

"Na ukaniacha nihangaike na nyimbo kumi!"

"Ningekuambia, ungeiacha kamba. Halafu anishike nani? Mimi nilikuwa natafuta wimbo ambao ngoma yake inawahi."

Akaweka wa kumi na moja. Ulikuwa wimbo wa polepole, sauti ya mwanamke na kinanda, na mpiga ngoma wake hana subira: anapiga kabla mwimbaji hajamaliza mstari. Popo aliisimamisha pasi, akaja kukaa karibu yangu. Tuliusikiliza mara tatu.

Jumamosi bosi alikaa kiti cha mbele, amekunja mikono. Popo akapanda na gauni lake la nyumbani, vibanio vimejaa kifuani. Akaanua nguo moja, akaanua ya pili, upepo ukamchukua, akajiachia. Mikono yangu ikaogopa vilevile. Ikakaza mapema vilevile. Na ngoma ikalia papo hapo.

Alisimama hewani, kichwa chini, gauni likitulia taratibu. Bosi akakunjua mikono. "Kitambaa ni chako. Huo wimbo nani kachagua?"

Popo akaninyooshea kidole kutoka huko juu. "Mikono yake."

Ningeinama nijifanye nakunja kamba, watu wasinione uso. Lakini yeye alikuwa bado yuko juu, kwa hiyo nililia nikiwa nimeishika.