Upande wa Nyuma wa Fomu

Aliyeitafsiri ile fomu ni mimi, na nianze na hilo kabla sijaanza kujitetea.

Ilikuwa fomu ya mradi wa kisiwa kimoja mtoni, chini ya milima ya Vidunda. Zamani palikuwa na kambi ya wavuvi. Wavuvi walipohamishwa waliacha nyuma mbwa, panya na paka, na hao wakawamaliza sange. Sange ni mnyama mdogo, si mkubwa kuliko panya buku, mwenye pua ndefu ya kuchokolea wadudu kwenye majani makavu. Mradi ulitega mitego miezi mingi ukawaondoa walaji wote, au ndivyo tulivyoamini, kisha ukapanga kuleta sange wengine kutoka msitu wa mlimani, ambao mashamba yanaumaliza. Sharti lilikuwa moja: asibaki hata paka mmoja. Mlinzi angezunguka kisiwa kila wiki na kujaza fomu, na fomu ndiyo ingeamua.

Mlinzi mwenyewe alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama, aliyenilea Vidunda tangu niko darasa la kwanza. Kazi nilimtafutia mimi, karani wa ofisi ya Mikumi, nikajiona mtoto mwema. Mjomba alisoma shule ya misheni, enzi za kuchapwa kwa kusahau nukta. Swali lililoandikwa alilijibu kama lilivyoandikwa.

Na swali la Kiingereza lilikuwa refu. Liliuliza kama yupo mnyama yeyote aliyefikishwa pale na binadamu, akiwemo paka, mbwa au panya. Halikuenea kwenye mstari. Ilikuwa Ijumaa, nina haraka zangu, nikalikata: "Kuna wanyama wageni?" Nikakisifu Kiswahili changu, nikaenda kunywa soda.

Wiki baada ya wiki mjomba aliandika "Hakuna". Mkuu wa mradi akaridhika, sange wakaletwa kwenye vizimba. Siku ya kuwafungulia, mjomba alivua kofia akasema, "Karibuni wageni. Jisikieni mpo nyumbani." Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mjinga mkubwa, na jibu la fomu zote lilikuwa limetamkwa mbele ya masikio yangu.

Haukupita mwezi tukaanza kuokota mikia ya sange. Kamera tuliyofunga mtini ikamnasa paka jike wa kijivu, na nyuma yake watoto watatu waliokwisha kukua. Mpaka leo bango la mradi lipo ukingoni, limechorwa sange anayetabasamu. Nikilipita natamani kulipiga mawe.

Mjomba akaitwa Mikumi. Alikuja na koti lake la kanisani, nikampokea mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Nyumbani hawajambo?"

Ndani, mkuu hakuzunguka. "Mzee, kila wiki umetuandikia hakuna."

"Nimeandika hakuna mgeni, na kweli hakuna. Yule paka amezaliwa pale pale kambini, na mama yake vilevile. Ni mwenyeji. Ila sikumficha. Nimemwandika nyuma ya fomu, kama maoni. Kuamua ni kwenu."

Mkuu akanigeukia. "Lete hizo fomu."

Nilikwenda kabatini, chumba cha pili. Tangu kazi ianze sikuwahi kugeuza hata fomu moja. Nilisoma "Hakuna", nikagonga mhuri, nikafungia. Sasa nikageuza. Mwandiko wa mjomba ulikuwa umenyooka kama matuta yake ya maharage. "Paka mwenyeji yupo, ana mimba." Wiki nyingine: "Amezaa watatu." Na ile ya mwisho kabla ya kuwafungulia sange: "Naomba mje mumwone kwanza."

Nilikiona kiti changu kimekaliwa na mtu mwingine. Mashine ya kopi ilikuwa kando ya kabati, nayo siku hiyo umeme ulikuwepo. Nikatoa kopi za upande wa mbele peke yake, nikamwambia mkuu kwamba faili halina kingine ila kopi hizo. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mkuu alizipitia akatikisa kichwa. Mjomba akachukua moja, akaigeuza. Nyuma palikuwa peupe. Akachukua ya pili, akaigeuza nayo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nimejipangia mpaka maneno ya kumbishia. Hakupiga kelele. Alizigongagonga mezani mpaka kingo zikalingana, akazirudisha mbele ya mkuu, halafu akanitazama mimi.

"Mjomba," akasema, "niandikie barua ya kuacha kazi. Mwandiko wako ndio wanaousoma."

Nikaiandika, kwa Kiswahili safi, mistari minne. Akavaa miwani akaisoma yote polepole. Kabla ya kutia saini aliigeuza, akatazama nyuma.