Nyanya zangu zilikauka Gongoni nikamsingizia jirani, kumbe mikono ni yangu mwenyewe

Wakuu, habari za muda huu. Haya naandika bila kuongeza chumvi, na aibu yote ni yangu, msihangaike kunitetea.

Mimi mtoto wa Goweko, kwetu ni tumbaku tu. Kwa sasa nimepanga Gongoni, hapa Tabora mjini. Nyuma ya nyumba kuna kauwanja, mke wangu akasema tumechoka kununua mboga kila siku, tulime.

Nikajipanga kweli. Matuta manne, samadi iliyooza vizuri, mchicha, bamia, na nyanya ndiyo kipenzi changu.

Miche ya nyanya alitupatia jirani yetu, Mama Zuhura. Mama mtu mzima, mjane, anauza vitumbua asubuhi. Aliotesha kitalu kimoja, nusu akapanda kwake, nusu akatugawia. Wanangu walikuwa wanashinda kwake. Huyo mama ndiye niliyempoteza, ndiyo maana naandika.

Nyanya zikashika. Mama Zuhura akachungulia uani, akasema, "Baba Pendo, mwaka huu mtalisha mtaa mzima." Tukacheka.

Wiki hizo kwetu Goweko walikuwa wanachambua tumbaku. Kila Jumamosi naenda kumsaidia mzee wangu, narudi viganja vyeusi, vinanata. Sisi watu wa tumbaku hatuoni kama ule ni uchafu, tumekulia humo.

Nikifika sinawi. Naingia moja kwa moja kwenye nyanya, napunguza machipukizi, naifunga miche kwenye vijiti kwa kamba nilizotoa kwenye bani la mzee, pale anapokaushia tumbaku. Najiona mtaalamu!

Majani yakaanza kujikunja, mabaka ya kijani na njano. Matunda madogo, yana madoa ya kahawia. Nikichungulia kwa Mama Zuhura, nyekundu zimejaa. Na miche ni ileile!

Hapo akili ikaniruka. Nikakumbuka siku ile alivyozisifia.

Asubuhi moja bombani, watu wamepanga ndoo, nikamwambia, "Mama, nyanya zangu ulizitazama kwa jicho gani?"

Akajitwika ndoo yake haijajaa, akaondoka.

Wakuu, mnajua huku kwetu neno kama hilo kwa mama mtu mzima lina uzito gani. Kuna walioitwa wachawi wakauawa kwa dogo kuliko hilo. Haikuisha wiki, vitumbua vikaanza kudoda. Watoto wa mtaa wakakatazwa kupita mlangoni kwake. Na mimi, mjinga wa mwisho, nikawakataza wangu.

Siku moja bwana shamba alikuwa anapita, mke wangu akamwita. Akashika jani, halafu akanitazama mikono.

"Wewe unashika tumbaku?"

"Ndiyo."

"Hii ni batobato, ugonjwa wa tumbaku. Umeileta mwenyewe, kwa mikono yako na hizo kamba. Ng'oa zote, choma."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikaenda kwa Mama Zuhura na mke wangu. Shikamoo, akaitikia marahaba. Nikapiga magoti, nikaomba radhi. Akaniambia taratibu, "Baba Pendo, ulinichafua bombani, radhi unaniletea chumbani?"

Kesho yake nikasimama bombani, nikasema yote. Watu wakaguna, wakaendelea kukinga maji. Vitumbua havikupata mteja. Mwisho wa mwezi binti yake akaja, akamchukua kwenda kuishi naye Urambo.

Nilichojifunza: ukitoka kwenye tumbaku, nawa kwa sabuni kabla hujagusa nyanya, na kamba za bani ziache hukohuko. Na kabla ya kumnyooshea mtu kidole, mwite bwana shamba. Mimi nilianza na mdomo.

Mnaolima nyumbani, mwageni uzoefu wenu hapa. Mwenye tusi pia alete, nitalisoma.

Ila asiniambie mtu nimfuate Urambo. Nilikwenda. Akanipa chai, akauliza kama watoto hawajambo. Nilipomwomba arudi, akasema, "Nikirudi, vitumbua nitamuuzia nani?"