Finjani Iliyowekwa Chini

Jua likitokeza hapa Evere, mtaa wa Brussels, jambo ambalo halitokei mara nyingi, jirani yangu wa ghorofa ya juu hutundika zulia lake kwenye roshani na kulichapa. Pu, pu, pu, vumbi lote linaangukia maua yangu. Mwingine angepanda ngazi akagombane naye. Mimi hufunga dirisha, nikakaa jikoni nimeziba masikio, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikingoja amalize. Zulia na mgongo wa mtu, ndugu zangu, hutoa mlio mmoja vikichapwa. Nimevisikia vyote viwili.

Nilizaliwa katika mji mmoja wa Ghuba, kwenye mtaa wa watu waliotoka Unguja na Pemba. Nchi siitaji, kwa sababu wajukuu wa walioshika fimbo siku ile bado hunitumia salamu za Idi. Nchi hiyo ilikuwa na sheikh wake aliyeitawala, lakini kando ya forodha palikuwa na nyumba nyeupe ya Mwingereza, na sheikh alikuwa hapigi chafya Mwingereza asijue. Aliyekuwa akimjulisha ni baba yangu, mkalimani wake. Kila Alhamisi baba alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akajifukiza udi, akaenda kumsimulia habari za mji: nani kaoa, nani kagombana na nduguye, nani hakuonekana barazani kwa sheikh. Mwingereza aliyachapa yote kwa mashine na kuyapeleka kwa wakubwa wake. Baba hakuona ubaya. Kwake ilikuwa soga tu, tena soga yenye mshahara. Mama alikuwa akimtania, "Malkia ameshapata habari kwamba mbuzi wa Bi Zuhura kala kanga yangu?" Baba alicheka, akatufungulia kopo la biskuti alilopewa.

Mwaka mmoja, nikiwa bado mtoto, kisima cha mtaa wetu kilitiwa kufuli na jamaa mmoja wa sheikh, tukawa tunakunywa maji ya chumvi na watoto wanaharisha. Mjomba Salum, kaka yake mama, fundi wa milango, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, akasema atakwenda kwa sheikh. Kule palikuwa na desturi: mgeni mwenye ombi zito akipewa kahawa, huiweka finjani chini mbele yake bila kuionja. Mwenye nyumba akiona hivyo humwuliza haja yake, na ni aibu kubwa kwake mgeni akiondoka hakunywa. Mjomba aliiweka. Baraza zima likanyamaza. Sheikh akamwuliza, akasikia habari ya kisima, akasema kitafunguliwa. Mjomba akanywa kahawa iliyokwisha kupoa, akarudi nyumbani anatembea kama bwana harusi.

Alhamisi baba akamsimulia Mwingereza, kwa fahari kabisa: shemeji yangu Salum, mbele ya watu wote, aliiweka chini kahawa ya sheikh wala hakuigusa, na baraza zima likanyamaza. Akaishia hapo, maana Mwingereza alikuwa ameshaanza kuchapa. Hakueleza maana yake, kwa kuwa mjini hapakuwa na mtu aliyehitaji kuelezwa. Nyakati zile vijana walikuwa wameanza kuandika ukutani maneno ya kuwataka Waingereza waondoke. Basi alichokielewa Mwingereza ni kwamba fundi mmoja amemkataa mtawala hadharani, na watu wamenyamaza kumuunga mkono.

Walikuja asubuhi, mama akikaanga vitumbua. Afisa wa polisi, naye Mwingereza, askari wake, na nyuma yao baba yangu, ameletwa kutafsiri. Walimlaza mjomba kifudifudi uani, mmoja akamkalia miguu, wawili wakaanza na fimbo za mtende zilizolowekwa maji. Fimbo za mwanzo zilichana fulana. Zilizofuata zilichana ngozi, na kila zilipoinuliwa zilirusha matone. Moja lilinipata mdomoni, na hadi leo ninaijua ladha yake. Mjomba aliuma sakafu mpaka jino likakatika. Afisa aliuliza kwa utulivu, kama mtu anayeuliza njia, na baba akatafsiri.

"Anauliza, nani kakutuma?"

"Shemeji, wewe si unajua," mjomba alisema. "Mwambie maana yake."

Baba alitazama viatu vya afisa. Akatamka neno moja fupi la Kiingereza, afisa akatikisa kichwa, fimbo zikaanza upya.

"Shemeji. Mwambie."

Mama aliwarukia. Askari akamsukuma kwa kitako cha bunduki kifuani, akaanguka juu ya jiko, mafuta yakamuunguza mkono hadi kiwiko. Mjomba waliondoka naye wakimburura. Alitiwa melini na kufukuzwa nchini, akafia Mombasa akiwa na jicho moja walilomwachia.

Alasiri baba alirudi, akaketi mahali pake pa kila siku. Mama akalitwaa dele la kahawa kutoka kwenye makaa na kummiminia shingoni. Hakupiga kelele. Alikaa tu, ngozi inamwumuka huku sote tunatazama. Kisima kilifunguliwa wiki ileile, maana sheikh alikuwa mtu wa ahadi. Tuliyanywa maji yake, na yalikuwa matamu.

Kwa akili yangu ya utoto nilijua kwamba baba alimchukia mjomba. Nilipokua nikaona ni woga, na nilipopata watoto wangu nikaona woga wenyewe ulikuwa na haki: mshahara, nyumba, bastola ya afisa. Siku ya maziko ya baba nilimsamehe kwa moyo mweupe.

Kazi niliyokuja kuifanya hapa Brussels ni ileile yake. Natafsiri kwenye ofisi wanakohojiwa wanaoomba hifadhi, na kanuni ni kwamba mkalimani haongezi lake. Majira ya baridi yaliyopita aliletwa kijana wa Lubumbashi, ameshika kofia mikononi.

"Balinikatalia kushikala ku matanga ya papa, maman," alisema. "Donc, nikakimbia."

Nikatafsiri. Afisa aliyekuwa akimhoji akasema kukatazwa kukaa matangani si hatari, akafunua ukurasa mwingine. Kijana akanigeukia.

"Maman, ye hajue?"

Nikasema kwa Kifaransa kwamba kwao, mtoto anayefukuzwa kwenye matanga ya baba yake ameshahukumiwa kuwa ndiye aliyemwua kwa uchawi, na watu watamfuata na mawe na petroli. Nikangoja nitolewe nje.

"Merci, madame," afisa akasema, akaurudia ukurasa wa nyuma na kuandika.

Basi, ndiyo hayo tu. Nilirudi nyumbani kwa basi nikilia hadi mama mmoja akanipisha kiti. Miaka yote niliamini kwamba siku ile ya uani ilitaka ushujaa ambao wengi wetu hatuna, na kwa ajili hiyo nilimsamehe baba. Kumbe ilitaka sentensi moja. Najua, mbele yangu hapakuwa na bastola, na wewe msomaji huenda ukamtetea. Mtetee. Mimi nilikuwepo uani, na mjomba alimwita shemeji mpaka sauti ikamkauka.