Siku Tuliyombeba Mwalimu Sefu

Jamani, chekeni tu, maana hata mimi nikipita mtaa wa Mtanda mpaka leo nainamisha kichwa kama bwana harusi aliyemwaga mchuzi ukweni.

Mnanijua, nilikuwa dereva wa gari la hospitali, nikipeleka wagonjwa na (niseme ukweli) kurudisha maiti majumbani, mpaka Rutamba huko, gari likisimama mlangoni kwa watu kilio kinaanza kabla sijazima injini. Nilipostaafu nikasema basi, sasa nachora. Nilianza na ukuta wa genge la mke wangu Somoe, nikahamia kwenye mbao, mwisho nikapata wanafunzi wanne, watu wazima wenzangu, nawafundisha uani kwangu. Somoe akasema uzee umenipanda kichwani. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, watu wakiniona waseme yule mwalimu wa kuchora, wasiseme tena yule wa maiti.

Mkuu wa shule akaniambia nimchore Mwalimu Sefu, aliyewafundisha kusoma karibu watu wote wa hapa, siku hizi kastaafu anaishi peke yake. Kamati ya shule ikiipenda picha, darasa moja la Jumamosi ni langu. Nikamchora kwenye plaiwudi, mzima mzima, urefu wake kamili, na kanzu yake nyeupe.

Sasa sikieni ujinga. Asubuhi ya kuipeleka rangi ya kanzu ilikuwa mbichi, na vumbi letu mnalijua. Ningengoja kesho, ningekufa? Nikailaza picha juu ya ngazi, nikapinda mianzi juu yake ili kitambaa kisiguse rangi, nikafunika kwa shuka la kijani la Somoe, lile la tarizi, wanafunzi wangu wakainua mabegani, mimi mbele na nyundo yangu ya kuitundikia. Wallahi sikuona kitu kingine. Mimi niliona picha.

Kufika penye kahawa, wazee wakasimama wote. Nikajisemea, eh, kumbe sanaa inaheshimika hivi! Muuza samaki akaacha beseni lake akaja kuingiza bega, na mwingine, na mwingine, wanafunzi wangu wakajikuta wapo nyuma mikono mitupu. Hakuna anayeuliza. Nikasikia mmoja ananong'ona, "Mbona mwepesi hivi?" Mwenzake akamjibu, "Kaugua sana, maskini."

Nani kaugua? Nikageuka, watu wamejaa njia nzima, wanasoma kalima, na kwenye njia panda badala ya kukata kulia kwenda shuleni wakakata kushoto, makaburini.

"Jamani, shule ni huku!"

Mzee mmoja akanishika mkono kwa huruma. "Dereva, tulia baba. Msiba unachanganya."

"Msiba gani?"

"Ndiyo hivyo. Mwanzoni hauingii akilini."

Basi nami nikachanganyikiwa kweli. Nikawaza, au kuna mtu kafa nyumbani sijaambiwa? Somoe? Mbona nimemwacha anakaanga vitumbua? Machozi yakaanza kunitoka, na nyundo mkononi!

Hapo akatoka Mwalimu Sefu mwenyewe kwenye kichochoro, kanzu nyeupe, akaingiza bega la mbele kutafuta thawabu kama wenzake. Akaniuliza taratibu, "Tunamzika nani, Dereva?"

Nikamtazama yeye, nikatazama lile shuka, mianzi, ngazi, na mimi yule yule wa maiti nimetangulia mbele. Yarabi! Ndipo akili iliponirudia. Ulimi nao ukanisaliti.

"Wewe, Mwalimu."

Akasimama ghafla. Ngazi ikainama, mianzi ikabonyea, shuka likalalia rangi kisha likateleza, Mwalimu Sefu wa pili akawatumbulia macho. Muuza samaki aliruka mtaro. Mwenyekiti wa kamati ya shule (kumbe alikuwa bega la nyuma, jasho linamtiririka) akakaa chini mavumbini. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwalimu akavaa miwani, akainamia picha. Kisha akaangalia ule umati, wengine bado wanahema.

"Hawa wote wameacha kazi zao kwa ajili yangu?"

"Hawakujua ni nani, Mwalimu," nikasema, maana uongo ningeuweza wapi tena.

"Sasa wamejua," akasema. "Na bado wapo." Akajifuta macho na mkono wa kanzu. "Haya, geuzeni. Shule ni kule."

Tukaibeba wazi mpaka shuleni, yeye mwenyewe bega la mbele. Darasa nikapewa, ingawa mwenyekiti hanisalimii vizuri, na mtaani siitwi tena wa maiti, naitwa aliyetaka kumzika Mwalimu mzima. Afadhali ipi, sijui.

Ila kufunika picha, sirudii. Rangi ikiwa mbichi, haitoki nje, hata aje waziri. Lile shuka nalo limebaki na alama ya kanzu ya Mwalimu Sefu, mabega na mikono, limefuliwa weee haitoki, na Somoe kakataa katakata kulilalia.