Kiti cha Nyuma Kabisa

Pale stendi ya Nachingwea, makonda wote walimjua Jamali kwa jambo moja: viti. Mzee huyu hakupanda basi kama watu wengine. Kwanza alilizunguka, akatazama jua limekaa wapi, akapima ni upande gani utakuwa na kivuli mpaka Masasi, akaangalia tairi la nyuma liko chini ya dirisha lipi ili mtu asije akatikiswa maini njia nzima. Kisha, kabla abiria waliofika hawajamaliza kushuka, alikuwa ameshairusha kanga dirishani ikatua kwenye kiti alichokitaka. Kanga ikishatua, basi. Kule kanga iliyotandikwa kwenye kiti ni mtu aliyekaa, na anayeiondoa anatafuta ugomvi.

Waliomcheka walisahau kitu kimoja. Kiti hicho hakikuwa chake, kilikuwa cha Zulfa. Yeye Jamali angesimama hata mpaka Mtwara, mradi mkewe amekaa upande wa kivuli na kichwa ameegemeza dirishani. Kanga yenyewe ilikuwa ya Zulfa, nyekundu yenye pindo jeusi, imefuliwa hadi nyekundu yake imekuwa kama ya udongo wa shambani.

Kwao Jamali ni Likunja, upande wa Ruangwa. Alikuja Chiola akiwa kijana, anatembeza ufuta, akampenda binti wa pale na hakurudi tena. Kwa desturi ya watu wa huko, mume ndiye anayemfuata mke, na hata akizeeka pale na wajukuu wakamzunguka, mke hubaki kuwa wa kaka zake. Kaka yake Zulfa ni Bakary, mtu wa maneno machache, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumvunjia Jamali heshima wala kumsahaulisha kwamba amekaribishwa. Jamali alipogolea mikorosho aliyoikuta imepandwa na mama mkwe wake, akaipalilia, akaizeekea. Mmoja mkubwa, uliosimama peke yake mbele ya nyumba, Zulfa aliuita mkorosho wa mama, na alipenda kuchambulia mboga chini yake.

Uvimbe ulianza tumboni kama kitu cha kuchekea. Zulfa mwenyewe alitania kwamba amepata mimba ya uzeeni. Halafu ukaacha kuchekesha. Daktari wa Nachingwea akasema aende Dar es Salaam, tena haraka, na asipelekwe kwa basi, maana mtikisiko wa njia ndefu ungemuumiza vibaya. Binti yao Sabaha, anayeishi Mbagala, akapiga simu: watapanda ndege kutoka Mtwara, yeye ameshamalizana na kijana mmoja mwenye kibanda cha tiketi mjini, baba aende tu akachague viti.

Baba akachague viti! Katika siku zile za roho juu, hilo neno lilimpa Jamali nguvu. Akapanda bodaboda mpaka mjini.

Kijana wa kibanda aliitwa Yasini. Alimgeuzia kompyuta, akamwonyesha picha ya viti vya ndege vilivyopangwa viwiliviwili, huku na huku, na njia katikati.

"Hii ni pangaboi, mzee wangu, ndege ya mapanga," alisema Yasini. "Unapaa, unakunywa juisi, umeshatua. Saa moja tu. Chagua unapotaka, freshi."

"Dereva anakaa wapi?"

"Rubani yuko huku mbele."

Jamali akavaa miwani, akainama. Aliuliza jua. Aliuliza ndege ikitoka Mtwara inaelekea wapi, na Yasini akamwonyesha kwa mkono: kaskazini, bahari kulia, bara kushoto. Bara! Jamali akasimamisha kidole hapohapo. Kama bara liko kushoto, basi Nachingwea iko kushoto, na Chiola iko kushoto, na mtu akikaa dirisha la kushoto atauona mkorosho wa mama kutoka juu. Hiyo ndiyo zawadi atakayompa Zulfa.

"Nipe kushoto. Katikati, mbali na mwisho. Yeye dirishani, mimi pembeni yake."

"Safi. Na umefanya vizuri kuikwepa nyuma," Yasini alisema akibonyeza. "Nyuma kabisa kuna kelele, kuna choo, kiti hakilali, na nyuma ya ukuta wako ndipo kilipo chumba cha mizigo. Huko hakai mtu akipata pengine."

Jamali akarudi nyumbani na tiketi mfukoni, anatembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Asubuhi ya kuondoka, Bakary alikuja kumuaga dada yake. Alikaa naye kidogo, akamshika mguu uliovimba. Kisha akamvuta shemeji yake kando.

"Nenda naye, urudi naye," alisema. "Vyovyote atakavyorudi, umrudishe mwenyewe kwa mkono wako. Na njiani usimwache peke yake, shemeji. Dada yangu hajawahi kulala peke yake tangu azaliwe."

"Sitamwacha," Jamali alisema. "Nakula kiapo."

Uwanjani Mtwara, mlango wa kwenda kwenye ndege ulipofunguliwa, mazoea yakamshinda. Alimwacha Zulfa kwenye kiti cha magurudumu na kijana wa uwanja, akawapita watu wenye suti, akapanda ngazi mbiombio, akatandika kanga dirishani na kusimama mlinzi. Mhudumu wa ndege alicheka mpaka akaziba mdomo. "Babu, kiti kina jina la bibi tayari. Hakuna wa kukichukua." Zulfa naye alipofikishwa na kuikuta kanga yake imetandikwa vile, alicheka, na kicheko kile kilimwuma tumboni ikabidi ashike mkono wa mumewe.

Walipaa. Injini ilikuwa palepale usawa wa dirisha lao, kubwa, nyeupe, imeziba karibu kila kitu. Jamali kutoka pembeni hakuona ila bega la mkewe na mwanga.

"Unaona?" aliuliza. "Angalia bara. Angalia mbali."

Zulfa alibandika paji la uso kwenye kioo, akakaa hivyo muda mrefu.

"Naona," alisema.

"Nachingwea?"

"Naona mabati ya mjini. Hee, na barabara ya Chiola ile. Na mkorosho wa mama, Jamali. Uko peke yake, kama tulivyouacha."

Jamali aliegemea kiti chake akafumba macho kwa furaha. Amechagua viti vingi maishani, lakini hicho ndicho kilichoshinda vyote. Walipofika Mbagala, Zulfa alimpigia simu Bakary akamsimulia yote: mabati, barabara, mkorosho.

Zulfa hakufika kwenye upasuaji. Alilazwa hospitalini, akapangiwa siku, na siku ilipokaribia, alfajiri moja akamwomba Sabaha maji, akayanywa, akageukia ukutani. Jamali alikuwa amekaa pale pale, kwenye kiti cha plastiki cha wodini alichokiwahi kabla ya ndugu wa wagonjwa wengine, na hakujua ni wakati gani hasa alibaki peke yake.

Sheikh wa mtaani Mbagala alimshauri kwa upole amzike hapohapo, ndiyo heshima ya maiti, asicheleweshwe. Jamali alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba mke si wake wa kumzika atakapo, ana kaka yake, na yeye aliapa. Wakamwosha, wakamvisha sanda, wakamtia kwenye jeneza. Sabaha alikuwa na mtoto mchanga. Ikakubalika baba atangulie na mama, yeye afuate na basi.

Kaunta ya uwanja wa Dar, dada mmoja mwenye kilemba kizuri akamuuliza kwa adabu, "Baba, nikupe dirishani mbele? Pametulia."

Jamali alikuwa na swali moja tu. "Jeneza linawekwa wapi?"

Yule dada akasita. "Nyuma, baba. Chumba cha mizigo."

"Basi nipe kiti cha nyuma kabisa. Kile cha ukutani."

"Pale kuna kelele, baba, na choo…"

"Najua. Nipe hicho."

Safari hii hakukimbia. Alipanda wa mwisho, akaenda mpaka mwisho wa njia, akakaa dirishani, mgongo umegusa ukuta. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Akaitoa kanga kwenye mkoba, akaikunjua, akaitandika pale taratibu, akainyoosha kingo. Mwanamume mmoja aliyekuwa akitafuta pa kunyoosha miguu akakiinamia kile kiti.

"Pana mtu," Jamali alisema.

Yule mtu akatazama kanga, akamtazama mzee, akarudi mbele. Mhudumu naye akaja kumwambia kuna nafasi nzuri mbele, ahame. Jamali akatikisa kichwa. "Nimekaa na mke wangu," alisema, na mhudumu akaondoka akidhani kanga ni ya mtu aliyekwenda chooni.

Kelele zilikuwa kama alivyosema Yasini. Jamali alizipenda, maana zilimficha. Aligeuza kiganja akakiweka ukutani nyuma ya bega lake, akaanza kumsemesha Zulfa kwa Kimwera, polepole, maneno ya nyumbani: kwamba wamepaa salama, asiogope, Sabaha yuko nyuma na mtoto, Bakary atakuwa anangoja. Akamwambia na anachokiona. Hapa dirishani hapakuwa na injini, na bara lilikuwa upande wake. Alitafuta Nachingwea. Aliona misitu iliyotambaa bila mwisho, mto mmoja mkubwa wa rangi ya chai ya maziwa, moshi wa watu wanaochoma mashamba, kisha ukungu. Miti ilikuwa midogo kuliko mbaazi zilizoanikwa kwenye mkeka. Hapakuwa na mabati. Hapakuwa na barabara ya Chiola. Kutoka huku juu hakuna binadamu ambaye angeutambua mkorosho mmoja, hata awe ameupanda mwenyewe.

Akaelewa. Siku ile mkewe alibandika uso kwenye kioo akatazama chuma cheupe cha injini, na akamwonea huruma mumewe.

"Uliniongopea, Zulfa," alimwambia ukuta. "Ukaniongopea na maumivu yote yale." Na akamshukuru. Alimshukuru kwa hilo na kwa mengine mengi ambayo hakuwahi kumwambia, akayamaliza yote kabla ndege haijagusa ardhi, na akaona moyo umepata nafasi kidogo. Angalau hakumwacha. Angalau hilo moja alilitimiza.

Mtwara, dereva aitwaye Modest alikuwa anangoja na pikapu aliyotumwa nayo kutoka Nachingwea. Walisimama pamoja kwenye geti la mizigo, kofia mikononi. Masanduku yakatoka, mabegi yakatoka, maboksi ya televisheni yakatoka. Mkokoteni wa mwisho ukapita. Mlango wa nyuma wa ndege ukafungwa.

Mfanyakazi mmoja akaja, kijana, amevaa koti la kung'aa, macho anayaficha.

"Mzee, pole sana. Mwili haukuja na ndege hii. Mizigo ilizidi, ukabaki Dar. Unakuja na ndege ya mchana, uhakika kabisa."

Jamali hakuelewa mara moja. "Lakini nimekuja naye," alisema. "Nilikuwa nimekaa naye."

"Pole, mzee wangu."

Hakulia hospitalini, hakulia alipokuwa akimwosha pamoja na binti yake. Hapo, kwenye geti la mizigo, aliketi chini kwenye saruji, akalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Maneno yote yale ameyaambia masanduku ya watu. Na Zulfa, ambaye hakuwahi kulala peke yake tangu azaliwe, yuko kwenye ghala fulani Dar, kando ya maboksi, na safari yake atasafiri bila mtu. Modest alimshika bega, akamwambia twende tukapate chai. Hakwenda. Alingoja palepale juani, yeye aliyejua vivuli vyote vya dunia, mpaka ndege ya mchana ikatua na jeneza likatoka.

Kutoka Mtwara mpaka Chiola alikaa nyuma kwenye pikapu, mkono juu ya jeneza, vumbi na upepo usoni. Ila hiyo haikufuta kitu.

Walifika alasiri. Watu walikuwa wamejaa mbele ya nyumba, na kaburi limechimbwa kando ya la mama yake Zulfa, si mbali na ule mkorosho. Bakary akaja mpaka kwenye gari. Alikuwa amekonda kwa siku zile chache.

"Umemrudisha, shemeji."

"Nimemrudisha."

"Alinipigia simu kule," Bakary alisema. "Akaniambia aliuona mkorosho wa mama kutoka juu. Nimekuwa najifariji kwa hilo."

"Aliuona," Jamali alisema.

"Na huko angani? Hakuwa peke yake?"

Modest aliinama akaanza kufungua kamba za jeneza, kamba ambazo zilikuwa zimeshafunguka. Jamali alikuwa ameishika kanga kwapani. Akamtazama shemeji yake machoni bila kupepesa, akafanya kama Zulfa alivyofanya dirishani.

"Hakuwa peke yake," alisema. "Tulikaa pamoja, nyuma kabisa. Nilimshikia kiti."

Bakary akavuta pumzi ndefu, akampa mikono yote miwili, na wakaenda kumpokea Zulfa.